Duka Lililokuja kwa Posta: Habari za Sears, Roebuck wa Chicago

Katika mfululizo wetu wa historia ya biashara, somo la leo ni juu ya duka moja la Marekani, nalo ni Sears, Roebuck wa mji wa Chicago. Nimelichagua kwa sababu maisha yake marefu yanaonyesha vizuri jambo ambalo kila mwenye duka hulikuta, hata yule mwenye kibanda cha mlango mmoja: watu hubadili namna yao ya kununua, wala hawamwombi ruhusa. Duka hili lilibadilika pamoja na watu mara mbili, na mara zote mbili likatajirika. Mara ya tatu lilichelewa. Wenye vikundi vya kusikiliza na wawe na ramani ya Marekani karibu, waitafute Chicago kwenye pembe ya kusini-magharibi ya ziwa Michigan.

Mnaposikia neno teknolojia, msifikirie kompyuta peke yake. Katika somo hili teknolojia ni reli, ni mashine ya kupiga chapa vitabu kwa bei ndogo, ni posta, ni motokaa. Kila kimoja kati ya vitu hivi kilipofika kilihamisha mahali pa kununulia.

Kwanza tuangalie hali ya mkulima wa Marekani baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha mwaka 1865. Nchi ile haikuwa nchi ya miji. Hata katika hesabu ya watu ya mwaka 1900, watu sita katika kila kumi walikuwa bado wanakaa mashambani. Nyumba ya mkulima ilikuwa mbali na ya jirani yake, na duka la karibu mara nyingi lilikuwa moja tu. Ukiingia humo, bidhaa zote zilikuwa nyuma ya meza: mapipa ya unga, majora ya nguo, mafuta ya taa, misumari, sukari. Hukugusa kitu. Ulitaja unachotaka, na mwenye duka akakipima, akakufungia. Bei haikuandikwa popote. Mwenye duka alikutazama usoni, akakumbuka una deni kiasi gani, ndipo akataja bei. Fedha mkononi mkulima hakuwa nazo mpaka mavuno, basi alinunua kwa deni, na bei ya deni ilikuwa kubwa kuliko bei ya fedha taslimu. Katika majimbo ya kusini, mkulima aliweka rehani pamba ambayo haijachipua bado.

Tusimwonee mwenye duka, kwani naye alinunua kwa deni kutoka maduka ya jumla, akakaa mwaka mzima akingojea mvua na mavuno ya watu wengine. Mavuno yakiharibika, yeye pia aliharibikiwa. Lakini yeye alikuwa peke yake mahali pale, na mtu aliye peke yake huuza apendavyo.

Mtu wa kwanza kufanya biashara kubwa ya kumpita mwenye duka huyu hakuwa Sears. Alikuwa Aaron Montgomery Ward, mchuuzi msafiri aliyezunguka mashambani akiyauzia maduka bidhaa za jumla. Katika safari hizo aliyasikia manung'uniko ya wakulima. Hesabu yake ilikuwa fupi: nikinunua kwa fedha taslimu kutoka viwandani, nikampelekea mkulima bidhaa kwa gari la moshi, faida ya watu wa katikati itaondoka, nami nitaweza kuuza rahisi. Bidhaa zake za kwanza ziliteketea katika moto mkubwa wa Chicago wa mwaka 1871. Mwaka uliofuata, 1872, akaanza tena na karatasi moja tu yenye orodha ya vitu 163 na bei zake. Akawauzia wanachama wa Grange, chama cha wakulima kilichoundwa mwaka 1867 na ambacho kilikuwa kikitafuta njia za kununua kwa pamoja.

Hapa pana jambo la kufikiriwa sana. Mkulima anaambiwa apeleke fedha zake kwa mtu asiyemjua, mjini asikofika, kwa ajili ya kitu asichokiona. Sisi wa Afrika ya Mashariki, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, tumezoea kutuma fedha mbali kwa dakika moja; lakini muulize yeyote kama yuko tayari kumtumia fedha muuzaji asiyemjua kabla ya kuuona mzigo, utasikia jibu lake. Reli peke yake haikuweza kuondoa hofu hiyo. Mwaka 1875 Ward aliahidi kwamba asiyeridhika na bidhaa airudishe, na fedha zake zitarudishwa. Ahadi hiyo ilimgharimu, maana wapo waliorudisha vitu walivyokwisha kuvitumia. Hata hivyo, mimi nadhani ahadi ile ilikuwa chombo kikubwa katika biashara hii kama injini ya gari la moshi ilivyokuwa.

Sasa tufike kwa Richard Sears, aliyezaliwa mwaka 1863 katika jimbo la Minnesota. Alikuwa kijana wa stesheni, karani wa reli katika kituo kidogo cha North Redwood. Mwaka 1883 makampuni ya reli yalikuwa yameacha saa za kila mji na kuanzisha saa za pamoja kwa nchi nzima, na tangu hapo watu wengi walitaka kuwa na saa ya mfukoni. Mwaka 1886 shehena ya saa ilifika kituoni kwa sonara mmoja wa karibu, naye akaikataa. Badala ya kuirudisha, Sears aliichukua mwenyewe, akawaandikia makarani wenzake katika vituo vingine vya reli wamwuzie. Saa zikaisha. Akaagiza nyingine. Muda si mrefu akaacha kazi ya reli, na mwaka 1887 akahamia Chicago. Huko alitangaza kazi kwa fundi saa, akaja kijana mmoja, Alvah Roebuck. Mwaka 1893 majina yao wawili yakawa jina la kampuni.

Roebuck aliogopa madeni, na mwaka 1895 akauza sehemu yake kwa bei ndogo. Miaka mingi baadaye, katika shida ya miaka ya 1930, alirudi kufanya kazi katika kampuni yenye jina lake, akiwa mwajiriwa tu. Aliyeingia mwaka ule wa 1895 alikuwa Julius Rosenwald, mshona nguo wa Chicago, na huyo ndiye aliyeifanya kampuni kuwa kubwa.

Katalogi, yaani kitabu cha bidhaa, ya mwaka 1895 ilikuwa na kurasa 532. Ndani yake zilikuwamo cherehani, viatu, plau, baiskeli, vinanda, bunduki, magari ya farasi, nguo za watoto, kila kimoja na picha yake na bei yake. Zingatieni neno hilo: bei yake. Kwa mara ya kwanza mkulima wa mahali pa mbali aliweza kukaa mezani kwake usiku, akijua bei ya kitu kabla ya kukutana na muuzaji. Hata asiponunua Chicago, aliweza kumwambia mwenye duka wa kwao, mbona kule ni rahisi? Katalogi iliwaambia watu waandike kwa lugha yoyote waijuayo, kwa maana wakulima wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani na Sweden ambao Kiingereza kiliwapiga chenga. Makarani wa kutafsiri waliwekwa Chicago. Inasimuliwa pia kwamba Sears alikifanya kitabu chake kiwe kidogo kuliko cha Ward kwa upana, akijua kwamba mama wa nyumba akivipanga mezani atakiweka kidogo juu ya kikubwa.

Lakini msidhani kila kitu kilikuwa safi. Sears alikuwa hodari wa kusifu bidhaa kupita kiasi. Katalogi za mwanzo ziliuza dawa za chupa zisizoponya, na mikanda ya umeme iliyodaiwa kurudisha nguvu za mwili. Rosenwald hakupenda mambo hayo. Sears aliacha uongozi mwaka 1908, na mwaka 1911 kampuni ikafungua maabara ya kupima bidhaa zake yenyewe.

Posta ndiyo iliyowafikishia wakulima biashara hii mpaka mlangoni. Zamani mkulima alikwenda mjini kuchukua barua zake. Mwaka 1896 serikali ilianza kujaribu kupeleka barua bure mpaka mashambani, na mwaka 1902 mpango huo ukawa wa kudumu. Vifurushi bado vilikuwa taabu, kwa sababu posta haikuchukua mzigo uliozidi ratili 4; mizigo mikubwa ilichukuliwa na makampuni ya watu binafsi, kwa nauli kubwa. Wenye maduka ya mashambani walipigana kwa miaka mingi ili posta isichukue vifurushi vikubwa. Walishindwa. Tarehe 1 Januari 1913 posta ya vifurushi ilianza, kwanza kwa ratili 11, kisha uzito ukaongezwa.

Hasira ya wenye maduka ilikuwa kubwa, na si ajabu, kwa kuwa chakula chao kilikuwa kinaondoka. Katika miji mingine walikusanya katalogi na kuzichoma moto hadharani, na watoto waliozileta wakapewa tiketi za sinema. Walisema, duka la Chicago halitakukopesha mwaka wa ukame, wala halitachangia kanisa lenu. Neno hilo lilikuwa la kweli, na miji midogo mingi baadaye ilijua ukweli wake. Lakini wachache wao walijiuliza kwa nini wateja wanaondoka. Waliofanya hivyo walianza kuandika bei, kupunguza biashara ya deni na kupanga bidhaa mahali zinapoonekana.

Kuna watu wengine ambao kwao kitabu hiki kilikuwa zaidi ya bei. Katika majimbo ya kusini, wakati wa sheria za ubaguzi, Mmarekani mweusi akiingia dukani alingoja mpaka wazungu wote wahudumiwe, hata waliokuja nyuma yake. Mwenye duka aliweza kumwambia kwamba kitu hiki kizuri si cha mtu kama wewe, chukua kile. Deni lake liliandikwa katika daftari ambalo mara nyingi hakuruhusiwa kuliona. Barua, ndugu wasikilizaji, haina rangi. Karani wa Chicago alisoma: cherehani moja, jozi mbili za viatu, akafunga, akapeleka. Na kwa kuwa mwenye duka wa kijijini mara nyingi ndiye alikuwa posta masta vilevile, wapo waliokataa kuwauzia watu weusi stempu au hawala ya fedha. Kampuni ikawashauri wateja wake wampe mpeleka barua agizo lao na fedha, naye atawanunulia hawala posta. Wapinzani wake huko kusini walieneza uvumi kwamba Sears mwenyewe ni mtu mweusi, wakitumaini wazungu wataacha kununua. Rosenwald naye, baada ya kukutana na Booker T. Washington mwaka 1911, alitoa fedha za kusaidia kujenga shule za watoto weusi kusini. Wazazi wenyewe walichanga fedha na kazi ya mikono, na kufikia mwaka 1932 shule karibu 5,000 zilikuwa zimejengwa.

Biashara ilipokua, taabu ikahamia ndani ya ghala. Barua zilimiminika, mizigo ikachanganyika, watu wakapelekewa vitu wasivyoagiza. Mwaka 1906 kampuni ilifungua jengo jipya magharibi ya Chicago, katika eneo la eka 40, na reli ikiingia mpaka humo. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Barua ilifunguliwa, agizo likapewa namba na muda wake, robo saa maalumu ya siku. Karatasi zikarushwa kwa mabomba ya hewa kwenda kila idara inayohusika: viatu huku, vyombo vya jikoni kule. Kila idara ilipaswa kuleta kitu chake katika chumba cha kufungia ndani ya robo saa ile, kwa mikanda inayotembea na mifereji ya kuteremshia mizigo. Idara iliyochelewa ilitozwa gharama, na agizo likaendelea na safari bila kuingojea. Ukifikiri sana utaona kwamba kazi kubwa ilifanywa na namba na saa. Mashine zilifuata tu.

Kuanzia mwaka 1908 mpaka 1940 kampuni iliuza hata nyumba. Mbao zilizokatwa tayari, milango, misumari na rangi zilifika kwa gari la moshi pamoja na kitabu cha maelezo, na mwenyewe akaijenga kwa fundi wake au kwa mikono yake. Nyumba kama 70,000 hivi ziliuzwa, na nyingine zinakaliwa hadi leo.

Tuje sasa kwenye badiliko la pili. Mwaka 1921 bei za mazao zilianguka, wakulima wakakosa fedha, na kampuni ikapata hasara ya zaidi ya dola milioni 16. Rosenwald aliiokoa kwa mali yake mwenyewe. Wengine walifikiri ni mwaka mbaya tu, utapita. Mtu mmoja, Robert E. Wood, hakufikiri hivyo. Alikuwa mwanajeshi aliyesimamia vifaa wakati wa kuchimbwa mfereji wa Panama, na burudani yake ilikuwa kusoma vitabu vya takwimu za serikali. Humo aliona mambo mawili. La kwanza, hesabu ya mwaka 1920 ilionyesha kwamba kwa mara ya kwanza watu wa mijini wamewazidi wa mashambani. La pili, motokaa, zilizokuwa chini ya nusu milioni mwaka 1910, zilikuwa zimefika kama milioni 8. Mkulima mwenye motokaa hangojei kifurushi. Anakwenda mjini mwenyewe Jumamosi.

Wood alikuwa akifanya kazi kwa Montgomery Ward. Aliwaambia wakubwa wake wafungue maduka, nao hawakumsikia, na mwaka 1924 wakamwondoa. Rosenwald akamchukua. Tarehe 2 Februari 1925 duka la kwanza la Sears likafunguliwa ndani ya jengo lile lile la katalogi. Mwisho wa mwaka 1927 yalikuwapo maduka 27, na mwaka uliofuata 192. Wood aliyaweka pembeni mwa miji, penye kiwanja kirahisi na nafasi ya kuegesha magari bure, wakati maduka makubwa mengine yalibanana katikati ya mji. Kufikia mwaka 1931 maduka yaliuza zaidi ya katalogi. Kumbukeni kwamba takwimu alizosoma Wood zilikuwa wazi kwa mtu yeyote. Wakubwa wake wa zamani wangeweza kuzinunua kitabuni kama yeye.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi, kwa sababu ni hadithi ya kampuni kushiba. Mwaka 1973 ilihamia katika jengo lake jipya Chicago, refu kuliko majengo yote ya dunia wakati ule. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 1974, katika mji mdogo wa Troy, jimbo la Ohio, duka la chakula lilisoma kwa mara ya kwanza mistari myeusi ya msimbo iliyochapwa juu ya pakiti ya ubani wa kutafuna. Tangu siku hiyo mwenye duka aliweza kujua kila jioni ni kitu gani kimetoka na ni kingapi. Aliyeitumia sana habari hiyo alikuwa Sam Walton, aliyefungua Walmart yake ya kwanza katika jimbo la Arkansas mwaka 1962. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walmart ilikuwa imeipita Sears kwa mauzo.

Mwaka 1984 Sears iliungana na IBM na CBS kuanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Prodigy, ambayo mteja wake aliweza kusoma habari na kuagiza bidhaa kwa kompyuta akiwa nyumbani. Basi ilikuwa na maghala, ina majina na anwani za mamilioni ya wateja, ina maduka ya kupokelea mizigo, ina mtandao wa kompyuta, na ina karibu miaka mia moja ya ujuzi wa kuwauzia watu isiowaona. Januari 1993 ilitangaza kwamba katalogi kubwa itafungwa kwa sababu inaleta hasara, na watu 50,000 wakaambiwa kazi zao zitakwisha. Hasara ilikuwa ya kweli. Wakubwa hawakusema uongo. Lakini walifunga katalogi wakafunga na ujuzi wake. Mwezi Julai 1995 Amazon, kampuni changa ya Jeff Bezos katika mji wa Seattle, ilianza kuuza vitabu kwa intaneti. Mwaka 1996 Sears iliuza fungu lake katika Prodigy. Oktoba 2018 ikaenda mahakamani kuomba kinga ya muflisi.

Mtu akiingia leo katika ghala la duka la intaneti, atakuta agizo lenye namba, muda uliopangwa, na mikanda inayotembea. Jengo la 1906 sehemu yake kubwa ilibomolewa, ila mnara wake wa matofali bado umesimama magharibi ya Chicago.

Vikundi vya kusikiliza mzungumze swali hili kabla ya kuachana: mahali penu, bidhaa hufika kwa njia gani leo ambayo haikuwapo miaka ishirini iliyopita, na ni nani aliyekuwa katikati ambaye sasa amepitwa? Mwandishi wa kikundi aandike majibu kwa majina ya bidhaa na bei zake. Juma lijalo tutasoma habari za James Ritty, mwenye baa wa mji wa Dayton, na mashine ya kuhesabia fedha aliyoipatia hati mwaka 1879. Kwaherini.